Muziki Usikike, Redio Isionekane!

Kama una gari, au kama una kaka mwenye gari anayesafiri mara kwa mara kama wangu, hebu toka nje sasa hivi ukalichungulie dirishani. Usifungue mlango. Chungulia tu kama mpita njia. Umeona nini? Kama kitu cha kwanza kukuvutia macho ni redio, basi ujue na kibaka naye itamvutia hiyo hiyo. Tofauti yenu ni kwamba wewe una funguo, mwenzako ana jiwe.

Mimi somo hilo nimelilipia ada. Tena mara mbili, maana darasa la kwanza nilifeli.

Gari lenyewe ni Toyota IST ya kaka. Kaka yuko kikazi Dodoma, gari kaliacha hapa nyumbani Sinza kwa maelezo kwamba limsaidie mama kwenda kliniki. Mama anakwenda kliniki mara moja kwa mwezi. Siku zilizobaki unajua mwenyewe lilikuwa linamsaidia nani.

Lilipotoka bandarini lilikuja na redio yake ya Kijapani. Wenye magari ya Japani wanaijua adha hii. Ukiwasha tu, inakusalimia kwa maandishi ambayo hata mwalimu wako wa jiografia hayajui. Halafu FM ya kule inaanzia megahezi 76, na redio nyingi za zamani zinaishia 90 tu, wakati huku kwetu mambo yanaanzia 87.5 mpaka 108. Kwa hiyo unaambulia kipande kidogo cha stesheni, nyingine zote unazisikia kwenye daladala. Vipo vikopo vidogo vya kuhamisha masafa, vinafungwa kwenye waya wa antena, unapata stesheni zako na maisha yanaendelea. Lakini niambie ukweli, kijana gani wa mjini atatoa hela yake anunue kikopo ambacho hakuna mtu atakayekiona?

Nikajichanga, nikavuta redio ya skrini. Zile za kimo mara mbili, usoni sentimita 18 kwa 10, inawaka rangi zote za upinde wa mvua. Usiku ndani ya gari unadhani umeingia ukumbi wa harusi. Nilikuwa naegesha pale kona, kioo nusu, mdundo unapiga, ili dada mmoja wa nyumba ya tatu (simtaji, ana mchumba wake siku hizi) ajue kuna mtu kafika. Akajua. Na wengine nao wakajua.

Basi bwana, wiki ya tatu nikaenda kula chipsi kuku kwenye baa moja Kijitonyama. Dakika arobaini hazikufika. Narudi nakuta kioo cha upande wa abiria kiko chini, vipande vidogo vidogo kama chumvi ya mawe, na pale redio ilipokuwa pana shimo, waya zinaning'inia kama utumbo wa kuku. Mlinzi wa maegesho akaja mbio. "Pole bosi," akasema. "Mimi nilijua ni wewe unayehangaika humo ndani."

Nikapiga hesabu. Kidato cha nne hesabu ilinishinda, lakini hii haikunishinda. Redio laki mbili. Kioo, fremu ya plastiki waliyoivunja na kazi ya kuunga waya, laki na arobaini. Jumla laki tatu na arobaini. Na yule jamaa akishafika anakofika nayo, akipata elfu hamsini atashukuru Mungu. Yaani mimi nipoteze yote hayo ili yeye apate hela ya wikiendi moja!

Sasa hapa ndipo pa aibu, na nimefikiri sana kama nipaandike. Mwezi uliofuata nikiwa Kariakoo, jamaa mmoja akanisogelea na mfuko wa rambo. Ndani redio, nzuri kuliko ya kwanza, bila boksi, bila karatasi. Elfu sitini. "Mzigo wa haraka, kaka." Nikaigeuza nyuma. Waya zake zilikuwa zimekatwa kwa wembe, zimebaki urefu wa kidole. Redio mpya haiji hivyo, ina soketi na waya zake ndefu za rangi rangi. Niliona. Nikajifanya sijaona, nikatoa sitini zangu.

Ilikaa wiki tano. Safari hii walikuja hapa hapa nyumbani, usiku wa mvua, tumelala. Na asubuhi yake ndiyo ilikuwa siku ya kliniki ya mama, mambo ya presha. Nilifagia vipande vya kioo nikadhani nimemaliza. Mama akapanda siti ya nyuma iliyolowa, akakunja kanga yake mara nne, akaikalia. Njia nzima hakusema neno. Tulipofika akashuka, akajipangusa, akaniuliza:

"Baba, hiyo redio uliinunua kwa nani?"

"Kwa mtu tu, mama."

"Basi na mwenzako naye kanunua kwa mtu tu."

Akaingia zake ndani. Mimi nilibaki nimeshika usukani kama ninaendesha, kumbe gari limezimwa. Kanuni ya Adhabu ya nchi hii, Sura ya 16, inamhesabu anayepokea mali ya wizi huku akijua ni ya wizi kuwa naye ana kosa, na mimi zile waya nilikuwa nimeziona kwa macho yangu mawili.

Ndipo nikaenda kwa fundi. Si wale wa kufunga redio barabarani, huyu ni fundi umeme wa magari, mtu mzima, ana gereji yake chini ya mwarobaini. Nikamweleza yote. Akanisikiliza huku anamenya waya kwa meno.

"Mdogo wangu, wewe unataka kusikia muziki, au unataka watu wakuone unasikia muziki?"

Nikamwambia vyote viwili, fundi. Akacheka mpaka akakohoa. "Chagua kimoja. Kingine ndicho wanachokuibia."

Nilichagua kwa shingo upande, nakiri. Na kazi aliyoifanya ni hii, shika vizuri.

Kwanza, ile redio ya Kijapani tuliyoidharau ikarudishwa palepale kwenye dashibodi. Bahati nzuri ilikuwa chini ya kitanda cha mama, hatukuitupa. Redio hiyo haina soko, hata kibaka mwanagenzi anaijua. Kazi yake pale ni kukaa na kuonekana mnyonge.

Redio ya kweli, niliyoinunua dukani safari hii, ikiwa na boksi na risiti, ni ndogo ya kimo kimoja, sentimita 18 kwa 5. Hiyo ikaingia ndani ya kidroo cha mbele ya abiria, kule tunakoweka bima na vitambaa. Angalia usinunue yenye sehemu ya CD, hizo ni ndefu kwa nyuma, kidroo hakitafunga. Zisizo na CD huwa fupi. Ukifunga kidroo, kwisha habari, gari ni la mzee mstaafu.

Utauliza, sasa naiendeshaje ikiwa imefungiwa? Rimoti inayokuja nayo haifai, kwa sababu mwanga wake lazima uione redio, haupenyi plastiki. Lakini Bluetooth inapenya. Simu inakaa mfukoni, nyimbo zinatoka kwenye spika. Mama akitaka taarifa ya habari, anafungua kidroo, anabonyeza, anafunga. Wanaotaka kwenda mbali zaidi huachana na redio kabisa, wanaficha amplifaya ndogo yenye Bluetooth chini ya siti, simu ndiyo inakuwa redio. Kwangu isingefaa. Mama hataki habari za simu.

Kwenye waya fundi alikuwa mkali kama mwalimu wa zamu. Wa njano unatoka kwenye betri moja kwa moja, ndio unaotunza saa na stesheni ulizozihifadhi. Mwekundu unafuata swichi ya funguo. Mweusi unakwenda kwenye bodi. Ule wa njano uwe na fyuzi yake, tena karibu na betri, si huko ndani karibu na redio. Bila fyuzi, siku waya ukichubuka mwizi hatakuwa na kazi, moto utaichukua redio pamoja na gari lake. Nyaya za chini ya siti zifungwe pembeni, la sivyo siti ikivutwa mbele na nyuma inazikata. Waya wowote usipite mbele ya mfuko wa hewa wa abiria, ule unaofumuka gari likigonga. Na usiizungushie redio matambara ati unaificha vizuri, maana inatoa joto, na gari likishinda juani Dar es Salaam lenyewe tayari ni tanuri.

Kitu kingine, nyuma ya kidroo ndipo ulipo mtambo wa AC. Kama bomba la kutolea maji limeziba, redio yako itaoga. La kwangu lilikuwa limeziba. Alilizibua kwanza, bure.

Mwisho akachukua kile kimashine cha kuchorea namba ya gari kwenye vioo na taa, mchezo tuliouzoea wote mjini hapa, akaichora namba yetu kwenye bati la redio, juu na ubavuni. Atakayeiiba ahangaike kuikwangua kabla hajampata mjinga wa elfu sitini.

Na zile redio zenye uso wa kuchomoa? Zinafaa, kama kweli utauchomoa. Mshikaji wangu mmoja alikuwa anauchomoa kila siku na kuuweka kwenye kidroo. Walivunja kioo, wakafungua kidroo, wakachukua vyote viwili kwa utaratibu.

Usidhani haya ni mambo ya Bongo peke yake. New York miaka ya 1980 watu walikuwa wanabandika vikaratasi kwenye vioo vya magari kuwaambia wezi kwamba humu hamna redio, jamani, msihangaike. Na redio ya kwanza ya gari Ulaya, Blaupunkt ya mwaka 1932, ilikuwa kubwa kama ndoo ya lita kumi, haikuenea kwenye dashibodi. Waliiweka pembeni, dereva akawa anaiamuru kwa kitufe kilichofungwa kwenye mhimili wa usukani. Wenzetu walianza na kuficha, sisi ndio tukaja kuitoa hadharani tukaiwekea na taa.

Mwezi wa pili tangu kazi ifanyike, walikuja tena. Hawakuvunja kitu, nilisahau kufunga mlango wa nyuma. Walichukua mwavuli wa mama na chaja ya simu. Redio ya Kijapani hawakuigusa, na kidroo hawakukifungua. Anayejua siri alikuwa fundi, mama na mimi. Sasa mnajua na nyie wasomaji wote, kwa hiyo mkiona IST Sinza, siyo hiyo.

Jumamosi iliyopita nilimpa lifti dada mmoja anakwenda Mbezi. Si yule wa nyumba ya tatu, huyu ni mwingine. Akakaa, akafunga mkanda, akaitazama dashibodi, halafu akanitazama mimi kwa huruma.

"Masikini, kumbe gari lako hata redio la maana halina!"

Mkono ukaenda wenyewe mfukoni kwenye simu. Nikaikumbuka kanga ya mama iliyokunjwa mara nne. Nikautoa mkono, nikashika usukani. Tukaenda hivyo hivyo mpaka Mbezi, anaimba mwenyewe, na sauti hana.