Hema la Mlimani: Tuchague Linalosimama

Juma hili tunazungumza juu ya hema la mlimani. Kati yetu kuna wenye vijana wanaobeba mizigo ya wageni kwenye Nyiragongo na Rwenzori, na mara nyingi feza ya hema inatoka kwenye fundo la kikwembe cha mama. Tujue basi tunalipia nini.

Tupime kwanza baridi. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na kilele cha Nyiragongo kina mita 3,470. Kila tunapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa digri 6 hivi. Kwa hiyo kule juu baridi inazidi ya muji kwa digri 12, tena kuna upepo. Margherita, kilele cha Rwenzori chenye mita 5,109, kina barafu, na mvua ya mlima ule haichoki.

Wengi husema hema zito ndilo lenye joto. Sivyo. Joto linatoka mwilini, na linalindwa na blanketi kavu, mfuko wa kulalia na godoro jembamba la chini. Hema lina kazi tatu: kusimama katika upepo, kuzuia maji, na kutoa nje mvuke wa pumzi zetu.

Tukiwa sokoni tuangalie haya:

Fito. Za aluminiumu ni bora kuliko za plastiki. Zikipishana mahali pengi, upepo hauangushi hema kwa urahisi.

Kifuniko cha nje. Kishuke karibu na ardhi pande zote, na kisigusane na kitambaa cha ndani. Mishono iwe imefunikwa kwa utepe. Kama hema limekwisha kutumiwa na utepe unabanduka, maji yatapita hapo.

Matundu ya hewa. Yawe juu, yenye kufunguka hata wakati wa mvua. Bila hayo, asubuhi nguo zinalowa ingawa mvua haikunyesha.

Kamba. Ziwe nyingi na imara. Kwenye mawe ya volkano vigingi haviingii, kwa hiyo kamba zinafungwa kwenye mawe makubwa. Katika theluji vigingi vifupi vinachomoka. Tunajaza theluji katika mifuko, tunafunga kamba na kuifukia.

Hema la namna hii kwa watu wawili huwa na kilo 3 au zaidi. Anayeuza lililo jepesi sana aulizwe vizuri.

Jambo moja tusilifanyie mchezo: mbabula isiingie ndani ya hema, hata kama baridi inauma. Makala hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala anaweza asiamke tena.

Kabla ya safari, tusimamishe hema uani, tulimwagie ndoo kadhaa za maji, kisha tuingie na kupapasa pembe zote. Bei ikizidi nguvu ya jamaa moja, jamaa tatu zinaweza kununua pamoja na vijana wakapokezana.

Tena tuwaambie vijana wetu waulize mapema, kabla ya kukubali kazi: wabeba mizigo watalala wapi? Mgeni akilala katika hema imara na mbebaji chini ya shitingi, baridi ni ile ile kwa wote wawili.