Unauza mtandaoni Ifakara? Ijue bei ya mfuko wa mbolea

Unauza vitenge, viatu, simu au vyombo kwa WhatsApp na Facebook, na wateja wako wako Ifakara, Mang'ula, Mbingu, Mlimba mpaka Malinyi? Basi kuna bei moja lazima uifuatilie hata kama hiyo bidhaa huiuzi: mfuko wa urea wa kilo 50.

Kwa nini? Mteja wako ni mkulima wa mpunga au miwa. Kama siye, basi anaishi kwa hela ya mkulima: boda, mama lishe, mwenye mashine ya kukoboa. Mbolea ikipanda, oda yako inasubiri.

Sasa hiyo bei inapangwa wapi? Mbali sana. Sehemu kubwa ya mbolea ya Tanzania inaagizwa nje, na Urusi ni kati ya wauzaji wakubwa kabisa duniani. Urea inatengenezwa kwa gesi asilia, na Urusi gesi inayo ya kutosha. Potasi nayo wanaichimba Berezniki na Solikamsk, kwenye ukanda wa milima ya Ural. Mzigo unapanda treni hadi bandarini, unaingia melini. Mbolea ya kuja kwetu inashushwa Dar es Salaam, inapakiwa kwenye lori, inapita Mikumi na Kidatu ndipo ifike Ifakara. Gesi, treni, meli, dola, dizeli: kimoja kikipanda, mkulima analipa.

Tuliona 2022. Bei ilishaanza kupanda 2021. Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine, usafirishaji na malipo ya benki yakawa magumu, gesi ikapaa Ulaya. Huku kwetu mfuko wa urea ukapita shilingi 100,000. Tarehe 8 Agosti 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua ruzuku ya mbolea Mbeya, na mkulima aliyejiandikisha akaupata kwa karibu 70,000.

Piga hesabu: mkulima wa mifuko minne, bei ikipanda kwa 30,000 tu kila mfuko, ni 120,000 imeondoka mfukoni. Hiyo ndiyo ilikuwa hela ya simu au ya sare za watoto.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Jua msimu. Wakati wa kupanda na kukuzia mpunga hela iko shambani. Posti vitu vya bei ndogo. Mzigo mkubwa uagize ukikaribia mavuno.

2. Uliza bei ya urea kwa wakala kabla hujafunga oda ya Kariakoo. Ikiwa juu, punguza mzigo.

3. Mkopo wa "nitalipa nikivuna" uwe na kiwango. Chukua kianzio, andika tarehe. Mbolea ikiwa ghali, mwingine anaweka pungufu na anavuna pungufu. Deni lako litachelewa.

4. Usishawishike kuuza mbolea kwenye status. Biashara hiyo inahitaji leseni ya TFRA. Na ya ruzuku inatolewa na wakala kwa namba ya mkulima. Anayekuletea mifuko ya "dili" anakutafutia kesi.

Mtaji wako ni mdogo, usiufungie kwenye mzigo ambao mteja hana hela ya kuununua.

Kwenu mfuko wa urea ni shilingi ngapi wiki hii? Andika hapo chini, wenzako wapangie mzigo.