Taa ya Pikipiki Ikififia, Betri Isilaumiwe Kwanza

Mtu atokaye katikati ya mji wa Nairobi jioni kwa pikipiki ya zamani, akifuata barabara ya Waiyaki kuelekea Kangemi, pengine huona taa yake ya mbele ikiwa nyekundu kama kaa la moto, kisha ikafifia kabisa. Lakini injini yaendelea kunguruma kama kawaida. Husema, "Betri imekufa," na kesho yake huenda barabara ya Kirinyaga, ambayo zamani iliitwa Grogan, kutafuta betri mpya. Baada ya majuma machache taa hufifia tena. Fedha zimepotea, na hatari ya kugongwa gizani ingalipo.

Yafaa kufahamu kwa nini injini haizimiki. Pikipiki nyingi za Uingereza za miaka ya 1950, kama vile BSA na Triumph, zina mitambo miwili ya umeme. Wa kwanza ni magneto, itoayo cheche za kuwasha petroli bila kuitegemea betri. Wa pili ni dinamo, ambayo huzungushwa na injini ili kuijaza betri kwa ajili ya taa na honi. Kwa hiyo dinamo yaweza kuharibika mchana, na mwenye pikipiki asijue mpaka jua litue.

Betri ni kama mtungi, na dinamo ni mchota maji. Mtungi ukiwa mtupu, si haki kuuvunja kabla ya kumwuliza mchota maji. Uchunguzi ufanywe kwa utaratibu, kwa kutumia mita ndogo ya kupimia volti.

Kwanza ni betri yenyewe. Vichwa vyake visafishwe, na maji ya betri yakipungua yaongezwe. Betri ya volti 6 iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, huonyesha volti 6.3 hivi. Kisha injini iwashwe na kuongezwa mwendo kiasi. Kipimo kikipanda mpaka volti 7 au zaidi kidogo, dinamo inafanya kazi. Ikiwa betri iliyojazwa vema haikai na umeme hata usiku mmoja, hapo ndipo inunuliwe nyingine.

Kipimo kisipopanda, ichunguzwe dinamo. Nyaya mbili zilizo kwenye alama za D na F ziondolewe, na mahali hapo pawili paunganishwe kwa waya mfupi. Mita iwekwe kati ya waya huo na chuma cha pikipiki, na injini iendeshwe polepole. Sindano ya mita yapasa kupanda upesi. Isiachwe kupita volti 10. Isiposogea, injini izimwe na kifuniko cha dinamo kifunguliwe. Mara nyingi makaa mawili madogo yaligusayo duara la shaba yamelika au yamekwama, au duara lenyewe limeingia weusi. Injini ikiisha kupoa, duara lisafishwe kwa kitambaa chenye petroli kidogo, mbali na moto wo wote.

Dinamo ikiwa nzima, kosa limo katika nyaya au katika regyuleta, yaani kisanduku kinachozuia umeme usizidi wala usirudi nyuma. Betri ifunguliwe kwanza, ndipo nyaya zilizopasuka zibadilishwe na maungio yakazwe. Kurekebisha regyuleta ni kazi ya fundi aijuaye.

Kuna mambo mawili ya kukumbuka. Taa ya wati 30 hula ampea 5, na dinamo haiwezi kutoa kiasi hicho injini ikizunguka polepole. Basi taa ikififia katika foleni ya magari na kung'aa tena mwendo ukiongezeka, hilo si kosa. Tena, katika nyingi za pikipiki hizi ni upande wa chanya wa betri uliofungwa kwenye chuma cha pikipiki, si wa hasi. Kabla ya kuitoa betri, mwenyewe aandike waya gani ulikuwa wapi, maana kuibadili kwaweza kuharibu mitambo.

Uchunguzi huu ufanywe mchana. Anayengoja mpaka taa izimike njiani usiku ataonwa na madereva wakiwa wamekwisha kumkaribia mno.