Sindano badala ya koleo

Koleo la kuhasi liitwalo burdizo halimwagi damu, na kwa sababu hiyo wafugaji wengi huamini kwamba ndama haumii sana. Sivyo. Taya zake hupondaponda mishipa ya damu na ya fahamu iliyo juu ya korodani huku ngozi ikibaki nzima, kisha korodani zilizonyimwa damu hunywea kwa majuma kadhaa. Ndama hurusha miguu, hulala na kuinuka, korodani huvimba, na homoni ya msongo hupanda mwilini. Kisu na pete ya mpira navyo vina maumivu yake. Nchini Uingereza, ndama aliyepita miezi 2 haruhusiwi kuhasiwa bila ganzi, na lazima ahasiwe na daktari wa mifugo. Kwetu kazi hiyo mara nyingi hufanywa zizini, ndama amekandamizwa chini, bila tone la ganzi.

Hata hivyo, mfugaji ana sababu za kuhasi. Mafahali wakikaa pamoja hupigana, huvunja ua, hupandana hadi wengine wakaumia, na hupanda mitamba ambayo haijakomaa. Fahali aliyefika machinjioni akiwa amechoka kwa vurugu huwa amemaliza akiba ya sukari iliyo katika misuli. Nyama yake haipati uchachu unaostahili. Hutoka nyeusi, ngumu, na huharibika upesi.

Kuna njia nyingine, nayo haigusi korodani kabisa. Korodani hufanya kazi kwa amri. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi hutoa homoni ndogo mno, GnRH, yenye asidi amino 10 tu. Homoni hiyo huiamsha tezi ya pituitari, na pituitari nayo hutuma homoni zake kuziamuru korodani zitengeneze testosteroni na mbegu. Muundo wa GnRH ulifahamika mwaka 1971, baada ya Andrew Schally na Roger Guillemin, wapinzani wakubwa, kusaga bongo za nguruwe na za kondoo kwa maelfu na maelfu ili wapate chembe chache za kuchunguza. Mwaka 1977 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Ukiikamata GnRH kabla haijafika kwenye pituitari, korodani hazipati amri. Ugumu ni kwamba kinga ya ng'ombe haishambulii homoni yake mwenyewe. Kwa hiyo wataalamu hutengeneza chanjo kwa kuunganisha nakala ya GnRH na protini kubwa ya kigeni. Mwili unapoishambulia protini ile, hutengeneza pia kingamwili dhidi ya homoni iliyopachikwa juu yake. Dozi ya kwanza huiandaa kinga tu. Ya pili, majuma machache baadaye, ndiyo inayoshusha testosteroni, na katika muda wa kama majuma mawili fahali huanza kutulia. Mfugaji anayeruka dozi ya pili ametupa fedha. Australia na New Zealand zilitangulia: Improvac, chanjo ya nguruwe, iliidhinishwa huko mwaka 1998, kisha ikaja Bopriva ya ng'ombe.

Umri wa kuchanja una uzito wake. Kati ya miezi miwili na mitano hivi, homoni za pituitari za ndama dume hupanda kwa muda kisha hushuka, kabla hajaonyesha dalili yoyote ya ufahali. Kupanda huko ndiko kunakopanga atabalehe lini, na ndama aliyezuiwa wakati huo huchelewa kubalehe. Upande wa pili, testosteroni hujenga misuli. Anayefuga kwa ajili ya nyama anaweza kumwacha dume akue nayo, halafu amchanje pale ugomvi unapoanza. Koleo likitumika mapema halitoi nafasi hiyo.

Hofu ya walaji kwamba watakula homoni haina msingi. GnRH ikimezwa humeng'enywa tumboni kama protini nyingine, na mnyama aliyechanjwa ana testosteroni kidogo kuliko fahali mzima. Hatari ya kweli iko kwa anayeshika bomba la sindano. GnRH ya ng'ombe ni ileile ya binadamu, kwa hiyo mtu akijichoma kwa bahati mbaya, uzazi wake unaweza kuathirika, hasa akijichoma mara ya pili. Mjamzito asiikaribie kazi hiyo kabisa, na kumchanja ng'ombe asiyebanwa vizuri ni kutafuta balaa.

Kingamwili hupungua kadiri miezi inavyopita, na ufahali hurudi. Kwa anayenunua madume makubwa mnadani, akayanenepesha kwa miezi michache kisha akayauza, hilo si tatizo. Kwake chanjo hii ingefaa sana, mradi awe na jokofu na mahali imara pa kubania ng'ombe. Maksai wa kulima hufanya kazi kwa miaka mingi, na kumchanja tena na tena hakumudiki. Kwa huyo koleo litaendelea kutumika, lakini daktari wa mifugo atangulize sindano ya ganzi, asubiri ishike, ndipo abane.