Kutathmini Ukurasa wa Tovuti wa Mwanafunzi Mwenzako: Usanifu na Usomekaji

Wapo watahiniwa wanaoweza kuandika HTML ya ukurasa mzima bila kuangalia daftari, lakini wakiambiwa watathmini ukurasa wa mwenzao huandika hivi: "Ukurasa ni mzuri, una rangi za kuvutia na picha nzuri, ila aongeze bidii." Sentensi hiyo haina hata hoja moja. Haisemi ni kitu gani kimeonekana, kitu hicho kinamfanyia nini msomaji, wala kibadilishwe vipi. Msahihishaji anatafuta mahali pa kuweka alama na hapaoni.

Hoja ya tathmini ina sehemu tatu: ulichokiona, athari yake kwa msomaji, na marekebisho. Linganisha sentensi ya juu na hii: "Maandishi ya njano juu ya usuli mweupe yanafifia, hivyo msomaji anairuka aya ya kwanza, rangi ibadilishwe iwe nyeusi au bluu iliyokolea." Hapa kuna kitu cha kusahihisha, na mwenye ukurasa naye anajua la kufanya akirudi kwenye kompyuta.

Tutatumia mfano mmoja katika mada hii yote. Tuseme mwanafunzi mmoja wa Mugumu ametengeneza ukurasa unaoitwa "Nyumbu Wavuka Mto Mara". Usuli, yaani rangi iliyo nyuma ya maandishi, ni mweupe, na maandishi ni ya njano. Kichwa cha ukurasa kina herufi nyekundu juu ya utepe wa kijani, nacho kinatembea kutoka kulia kwenda kushoto bila kusimama. Kuna picha sita zilizopigwa kwa simu eneo la Kogatende, zimepangwa moja chini ya nyingine. Miezi ya kwenda kuwaona nyumbu wakivuka imeandikwa chini kabisa, baada ya picha zote.

Anza na msomaji

Kabla ya kusema lolote kuhusu rangi, uliza: ukurasa huu ni wa nani, na huyo mtu amekuja kutafuta nini? Ukurasa uleule unaweza kufaa kwa msomaji mmoja na kumshinda mwingine. Mwenye ukurasa wetu anasema wasomaji wake ni wanafunzi wa sekondari za Tarime na Serengeti wanaopanga ziara ya masomo. Basi wanachotaka kwanza ni kujua waende lini, na kwamba uvukaji huonekana zaidi kati ya Julai na Oktoba. Pia watataka kujua sehemu ya kwenda na utaratibu wa kuingia Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Picha ni za kuwatia hamu.

Ukishajua hivyo, kosa kubwa la ukurasa linajitokeza lenyewe, nalo si rangi. Taarifa inayohitajika kuliko zote imewekwa mwisho. Mtahiniwa anayeanza na msomaji huligundua kosa hilo mapema. Anayeanza na rangi huenda akamaliza muda wa swali bila kuliona.

Usomekaji wa herufi

Macho husoma maandishi kwa sababu yanatofautiana na usuli wake kwa mwanga. Tofauti hiyo hupimwa kwa uwiano. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21:1, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote. Rangi ikiwa juu ya rangi ileile ni 1:1, yaani huoni kitu. W3C, chombo cha viwango vya wavuti kilichoanzishwa na Tim Berners-Lee mwaka 1994, kilitoa mwongozo mwaka 2008 unaotaka maandishi ya kawaida yafikie angalau 4.5:1, na maandishi makubwa kama vichwa angalau 3:1.

Tupime ukurasa wetu. Njano iliyokolea kabisa juu ya nyeupe inatoa takribani 1.07:1. Karibu ni sawa na kuandika kwa chaki nyeupe kwenye ukuta mweupe. Nyekundu kamili juu ya kijani kamili inatoa takribani 2.9:1, kwa hiyo hata kichwa chenye herufi kubwa hakifikii kiwango. Zaidi ya hayo, wapo watu wasiotofautisha vizuri nyekundu na kijani, na hali hiyo huwapata wanaume kuliko wanawake. Katika darasa lako anaweza kuwepo mmoja ambaye hajawahi kulisema.

Usipime rangi ukiwa ndani ya chumba cha kompyuta tu, mapazia yakiwa yamefungwa. Msomaji wako anaweza kuwa amesimama stendi ya Tarime saa saba mchana, simu mkononi, mwanga wa skrini umepunguzwa ili chaji ifike jioni. Rangi iliyosomeka kwa taabu ndani, huko nje haisomeki.

Ukubwa wa herufi una kipimo chake. Vivinjari vingi huanza na pikseli 16 kwa maandishi ya kawaida, na hakuna sababu ya kushuka chini ya hapo. Mstari nao usiwe mrefu kupita kiasi. Wachapaji wa vitabu wamezoea herufi kati ya 45 na 75 kwa mstari, kwa sababu mstari ukizidi hapo jicho linaporudi kushoto hukosea mstari unaofuata. Hesabu herufi za mstari mmoja na uandike idadi uliyoipata. Kipimo kina nguvu kuliko "mistari ni mirefu".

Kuhusu kichwa kinachotembea: tagi iliyokuwa ikifanya kazi hiyo haimo kati ya tagi zinazokubaliwa na viwango vya HTML5. Lakini hata ingekuwemo, msomaji hulazimika kusubiri maneno yampitie badala ya kusoma kwa kasi yake. Mimi huwaambia wanafunzi kwamba kitu kinachotembea ukurasani lazima kiwe na kazi. Nyumbu kwenye video wana kazi ya kutembea. Kichwa cha habari hakina.

Mambo ya Kiswahili yanayosahaulika

Vitabu vingi vya kompyuta viliandikwa kwa kuzingatia Kiingereza, na hapa mtahiniwa makini anaweza kutoa hoja ambazo wengine hawana.

Kwanza ni urefu wa maneno. Neno "nitakapowaona" ni moja, lina silabi saba, na kwa Kiingereza maana hiyo huhitaji maneno manne hivi. Rudolf Flesch alitoa kanuni maarufu ya kupima ugumu wa maandishi mwaka 1948, na kanuni hiyo hutumia idadi ya silabi kwa kila neno. Ukiitumia kwa Kiswahili, hata hadithi ya darasa la tatu itaonekana ngumu kupindukia. Kwa hiyo usimwambie mwenzako kwamba programu fulani imeupa ukurasa wake wa Kiswahili alama mbaya. Mpe mtu ausome, kisha akueleze alichoelewa.

Urefu huohuo wa maneno huleta tatizo la mpangilio. Maandishi yakinyooshwa pande zote mbili kwenye skrini nyembamba ya simu, mstari hubaki na maneno mawili au matatu na mapengo makubwa katikati. Kunyoosha upande wa kushoto peke yake kunatosha.

Pili ni alama ya ritifaa katika "ng'ombe" na "ng'ambo". Ukurasa usipotaja kuwa unatumia usimbaji wa UTF-8, alama hiyo, hasa ile iliyojikunja inayonakiliwa kutoka programu ya kuandikia, inaweza kugeuka kuwa herufi za ajabu. Huku kwetu ukurasa unaohusu mifugo utakuwa na "ng'ombe" kila aya, na kila aya itaharibika.

Tatu ni lugha iliyotajwa ndani ya tagi ya html. Violezo vingi huja na lang="en". Ukurasa wa Kiswahili unapaswa kuwa na lang="sw". Hitilafu hii haionekani kwa macho, lakini mwanafunzi asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini anaweza kusikia Kiswahili kikitamkwa kwa sauti na kanuni za Kiingereza, na asielewe kitu. Fungua msimbo wa ukurasa wa mwenzako uangalie. Ukiwa humo, angalia pia kama kila picha ina maelezo ya alt.

Picha na uzito wa ukurasa

Hapa ndipo kurasa nyingi za wanafunzi huharibikia, na ndipo hesabu inapokupa hoja isiyopingika. Picha iliyotoka kwenye simu bila kupunguzwa inaweza kuwa na MB 4. Picha sita ni MB 24. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo MB 24 ni megabiti 192. Mtandao ukiwa na kasi ya megabiti 1 kwa sekunde, ukurasa utachukua sekunde 192, yaani zaidi ya dakika tatu, kufunguka wote. Wanafunzi 40 wakiufungua kila mmoja kwa simu yake, bando litakalotumika ni MB 960. Hiyo ni karibu GB 1, kwa ajili ya kujua mwezi wa kwenda Kogatende.

Sasa punguza kila picha hadi KB 150. Picha sita ni KB 900, sawa na megabiti 7.2. Kwa mtandao uleule zitachukua sekunde 7 na kidogo. Kwenye skrini ya simu tofauti ya ubora ni vigumu kuiona, ila tofauti ya bando itaonekana. Kumbuka kwamba kuandika upana mdogo ndani ya tagi ya img hakupunguzi uzito wa faili. Picha huonekana ndogo, lakini faili zima bado linapakuliwa. Ni lazima picha yenyewe ipunguzwe kwa programu kabla ya kuwekwa.

Angalia pia kama kuna tagi ya meta yenye viewport. Isipokuwepo, simu hudhani ukurasa ni wa kompyuta, huupanga kwa upana wa pikseli 980 hivi, kisha huusinyaza mpaka herufi zinakuwa kama punje za ulezi.

Ukurasa ambao kila mtahiniwa anaujua

Fikiria kurasa za matokeo za NECTA. Hazina picha za kupamba wala vitu vinavyorukaruka. Kuna orodha ya shule unayoweza kuichuja kwa herufi ya kwanza, na ukibofya jina la shule unakuta jedwali la watahiniwa. Mwanafunzi aliyezoea kusifia rangi atasema kurasa hizo zimepooza. Lakini msomaji wake anatafuta kitu kimoja tu, mara nyingi kwa simu, siku ambayo wengine wengi wanatafuta hichohicho, na ukurasa mwepesi humfikisha haraka. Kwa kazi yake, usanifu huo ni mzuri. Udhaifu wake ni jedwali: ni pana, na kwenye simu ndogo inakubidi ukuze na kusogeza kando ili uone masomo yote. Ona kwamba tumetaja uzuri na udhaifu, vyote kwa kumtazama msomaji yuleyule.

Kupima kwa watu

Mpe mwanafunzi ambaye hajawahi kuuona ukurasa kazi moja: "Tafuta mwezi mzuri wa kwenda kuwaona nyumbu." Shika saa. Usimwelekeze, na mwenye ukurasa asiruhusiwe kusema "shuka chini, shuka chini". Andika sekunde alizotumia na mahali alipokwama. Jakob Nielsen, mtafiti wa matumizi ya tovuti, alieleza mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo. Watu watano unawapata kwenye dawati lako na la nyuma yake.

Ukishapata majibu, zungumzia ukurasa, usimzungumzie mtu. "Aya ya kwanza haikusomwa na watatu kati ya watano" ni tofauti na "hujui kupanga rangi". Upande wa pili, kumpa rafiki kumi juu ya kumi kwa sababu mnatoka kijiji kimoja ni kumnyima nafasi ya kurekebisha kazi kabla mwalimu hajaiona.

Swali la mfano

Tathmini usanifu na usomekaji wa ukurasa "Nyumbu Wavuka Mto Mara" uliotengenezwa kwa ajili ya wanafunzi wanaopanga ziara. Toa hoja nne.

Jibu: Ukurasa una picha zinazohusiana moja kwa moja na mada, hivyo unamsaidia mwanafunzi kuelewa atakachokwenda kukiona, picha hizo zibaki. Hata hivyo, miezi ya ziara imewekwa chini ya picha zote, hivyo msomaji anaweza kuondoka kabla ya kuifikia; ihamishiwe mara baada ya kichwa. Maandishi ya njano juu ya usuli mweupe yana uwiano wa takribani 1.07:1, chini sana ya 4.5:1, hivyo hayasomeki, hasa juani, yawe meusi. Picha sita za MB 4 zinafanya ukurasa uwe na MB 24, hivyo unachelewa kufunguka na kumaliza bando la msomaji. Kila picha ipunguzwe hadi KB 150 hivi.

Zoezi

1. Mwenzako ameandika maandishi ya bluu kamili juu ya usuli mweusi, uwiano wake ukiwa takribani 2.4:1. Andika hoja moja yenye sehemu tatu.
2. Ukurasa kuhusu kahawa ya Tarime una picha 5 za MB 3 kila moja. Kokotoa muda wa kufunguka kwa mtandao wa megabiti 2 kwa sekunde.
3. Chagua ukurasa mmoja uliotengenezwa darasani kwenu. Taja msomaji wake, andaa kazi moja ya kumpa, wapime watu watano, kisha uandike ulichokiona bila kutumia neno "mzuri" wala "mbaya".