Uteuzi wa Programu ya Kikapu cha Ununuzi kwa Biashara Ndogo za Kampala: Malipo, Anwani na Lugha

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna mfanyabiashara mdogo wa Kampala anavyoweza kuteua programu ya kikapu cha ununuzi kwa ajili ya tovuti yake. Hoja kuu ni kwamba uteuzi uanzie hatua ya mwisho ya ununuzi, yaani malipo na ufikishaji wa bidhaa, badala ya sura ya duka, kwa kuwa ndipo programu zilizobuniwa kwa ajili ya masoko mengine hushindwa kumhudumia mnunuzi wa Uganda.

1.0 Utangulizi

Programu ya kikapu cha ununuzi ni sehemu ya tovuti inayohifadhi bidhaa alizochagua mteja, kujumlisha bei, kupokea anwani na malipo, kisha kumjulisha muuzaji kuwa oda imeingia. Kwa ujumla kuna aina mbili. Ya kwanza ni huduma ya kukodi, kama vile Shopify ya Kanada, ambayo hulipiwa kila mwezi na mwenye huduma ndiye hutunza seva. Ya pili ni programu huria, kama vile WooCommerce, PrestaShop na OpenCart, ambazo hazina ada ya leseni lakini humwachia muuzaji gharama za seva na matengenezo.

Kwa muuza vitenge wa Kiyembe, tofauti hiyo inagusa mtaji. Ada ya kukodi huhesabiwa kwa dola ilhali mauzo yake ni ya shilingi. Programu huria nayo si ya bure kabisa: isiposasishwa huwa mlango wa wezi, na fundi wa kuisasisha hulipwa.

2.0 Malipo

Tangu MTN ilipoanzisha huduma ya pesa kwa simu nchini Uganda mwaka 2009, kulipa kwa simu kumekuwa jambo la kawaida kwa wakazi wa Kampala. Hata hivyo, programu nyingi zimejengwa juu ya dhana kwamba mnunuzi ana kadi ya benki. Huduma ya malipo ya Shopify yenyewe haipatikani Uganda. Muuzaji hulazimika kutumia kampuni nyingine ya malipo, na Shopify hutoza ada ya ziada kwa mauzo ya namna hiyo. Kwa upande wa WooCommerce, kampuni kama Pesapal na Flutterwave hutoa programu-jalizi za kuunganisha duka na malipo ya simu.

Kuwapo kwa programu-jalizi hakutoshi. Mteja hupokea ujumbe katika simu yake na kuingiza namba ya siri. Baadaye kampuni ya malipo huiarifu tovuti kuwa fedha zimepokelewa. Mtandao ukikatika baina ya hatua hizo mbili, mteja hukatwa fedha huku oda ikisomeka kuwa haijalipwa. Programu inayofaa huuliza upya hali ya muamala bila kusubiri mteja alalamike. Kwa hiyo, kabla ya kufanya uamuzi, muuzaji anunue bidhaa yake mwenyewe kwa simu ya bei nafuu, aingize namba ya siri, kisha afunge ukurasa papo hapo. Ikiwa oda haitasomeka kuwa imelipwa baada ya muda mfupi, programu hiyo itamgombanisha na wateja wake.

3.0 Anwani na Ufikishaji

Fomu nyingi humtaka mnunuzi ajaze postikodi. Uganda hutumia sanduku la posta, na mwendesha bodaboda hapeleki mzigo katika sanduku la posta. Anachohitaji ni namba ya simu na alama inayofahamika: siteji, msikiti, kanisa au kituo cha mafuta. Programu ifaayo humruhusu muuzaji kuondoa nafasi zisizohitajika, kuongeza nafasi ya alama hiyo, na kupanga nauli kwa maeneo, kwa mfano Ntinda, Kawempe au Entebbe. Aidha, iweze kuonyesha bei bila senti, kwani shilingi ya Uganda haitumii senti.

Upunguzaji huo wa nafasi una manufaa ya kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za watu akusanye zile tu zinazohitajika, na azilinde.

4.0 Lugha

Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na wanunuzi wengi kutoka Kongo ya mashariki, Kenya na Tanzania hukitumia sokoni Kampala. Programu huria huhifadhi maneno yake katika mafaili ya tafsiri, hivyo muuzaji anaweza kuandika “Weka kikapuni” na “Lipa kwa simu”. Neno kikapu linafaa kuliko toroli, kwani mnunuzi wa sokoni hulielewa hata kama hajawahi kuingia katika duka kubwa. Katika ukurasa wa malipo, neno lisiloeleweka humfanya mteja asite, na anayesita huondoka na fedha zake.

5.0 Hitimisho

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Duka lenye picha za kuvutia lisilopokea malipo ya simu, lisilomfikia mteja wa Kawempe na lisilozungumza naye kwa lugha anayoielewa, ni hasara iliyopambwa. Muuzaji aanze na malipo, afuatishe anwani na lugha, kisha ndipo ahangaikie rangi.