Uchambuzi wa Lugha ya Kushawishi katika Maandishi ya Maoni

Katika jimbo la Victoria, Australia, mtihani wa Kiingereza wa kumaliza sekondari una sehemu tatu. Katika ya tatu mwanafunzi hupewa maandishi ya maoni asiyopata kuyaona, aghalabu pamoja na picha. Haulizwi kama akubaliana na mwandishi, bali ni kwa njia gani hoja na lugha zakusudiwa kumvuta msomaji. Saa 3 ni za sehemu zote, baada ya dakika 15 za kusoma; kwa hiyo mazoezi hayana budi yatangulie.

Wengi huorodhesha mbinu tu: hapa takwimu, pale swali lisilotaka jibu. Huko si kuchambua. Tubuni mfano, kwa Kiswahili: “Tumechoka kuona uwanja wa watoto wetu ukimezwa na maegesho ya magari.” Maegesho yamefanywa mnyama mlafi, na kwa ajili hiyo waliokata shauri ya kuyajenga hawatajwi kamwe, msomaji akasirikia lami. Lakini lenye nguvu zaidi ni dogo zaidi, yaani kile kiambishi “tu-”. Ni nani hao waliochoka? Msomaji, hata asiye na mtoto, amekwisha kuingizwa kundini kabla hajaulizwa. Kiingereza nacho hakitenganishi “sisi” pamoja nawe na “sisi” pasipo wewe. Katika Tok Pisin ya Papua New Guinea, jirani wa Australia, mwandishi angelazimika kuchagua waziwazi: “yumi” au “mipela”.